Saa moja ya siku ya kwanza: kisa cha kolsenta ya Wipro na watu waliogoma kuondoka

Wipro ni kampuni kubwa ya India, makao yake makuu yako Bangalore, na moja ya kazi zake ni kupokea simu na chati za wateja wa makampuni ya nje. Yani mtu yuko Marekani printa yake imegoma au anataka kukata tiketi ya ndege, anapiga namba ya huduma kwa wateja, na anayepokea yuko India usiku wa manane ana hedseti kichwani. Tatizo lao ni lile lile la kolsenta zote, watu hawakai. Kwenye kolsenta za India ilikuwa kawaida kabisa kwa mwaka kuondokewa na nusu ya wafanyakazi mpaka asilimia 70, na hapo fikiria mwenyewe, umetangaza nafasi, umesaili, umemfundisha mtu lafudhi na mfumo kwa hela ya kampuni, kaanza kuzoea kiti, mwezi wa nne anasepa na wewe unarudi kwenye kutangaza nafasi.

Na sio kwamba mishahara tu ndo ilikuwa inawakimbiza. Kazi yenyewe inataka uwe mtu mwingine. Unafundishwa kupunguza Uhindi wako, ongea kwa lafudhi ya Kimagharibi, kuwa na tabia ya Kimagharibi, na kwenye kolsenta nyingi za kule mtu alikuwa anapewa na jina la kizungu la kujitambulisha nalo kwenye simu. Unashinda zamu nzima unatukanwa kwa jina ambalo hata sio lako, halafu asubuhi wenzako wakiamka wewe ndo unaenda kulala.

Mwanzoni mwa miaka ya 2010 wakaingia watafiti watatu, Daniel Cable wa London Business School, Francesca Gino wa Harvard na Bradley Staats wa Chuo Kikuu cha North Carolina, matokeo yao yakatoka kwenye jarida la kitaaluma mwaka 2013. Hawakugusa mshahara, hawakugusa zamu, hawakugusa hata skripti ya kuongea na mteja. Walichogusa ni semina elekezi ya siku ya kwanza, tena saa moja tu ya hiyo siku. Ndo maana nakipenda hiki kisa, kitu kilichobadilishwa ni kidogo na kinaonekana kwa macho, sio yale mambo ya "tulibadilisha utamaduni wa taasisi" ambayo huwezi kujua kipi kilifanya nini.

Wafanyakazi wapya waliokuwa wanaripoti waligawanywa mafungu matatu. La kwanza lilipata semina ya kawaida ya Wipro, mafunzo ya kazi na taarifa za kampuni, basi. La pili liliongezewa saa moja ya kuipenda kampuni: kiongozi wa juu anakuja kueleza maadili ya Wipro na kwanini Wipro ni mahali pazuri, mfanyakazi hodari anakuja kutoa ushuhuda, mnaambiwa mtafakari ni kitu gani mlichosikia kinachowafanya mjivunie kuwa hapa, mnajadiliana, mwisho mnapewa sweta na beji zenye jina la kampuni. Kwetu hii tunaijua sana, hii ndo semina elekezi yenyewe, bado wimbo wa kampuni tu.

Fungu la tatu nalo lilipata saa moja, ila ikageuzwa. Kiongozi anaingia dakika kama 15 anaongea kwamba kufanya kazi hapa kunakupa nafasi ya kujionyesha wewe ulivyo. Kisha kila mtu peke yake anafanya zoezi: boti yenu imepata ajali baharini, una orodha ya vitu vilivyookolewa, panga kipi cha maana kuliko kipi. Hilo zoezi ni la zamani na linajulikana sana kwenye semina, na ukitaka kujua, jibu la wataalam linaweka kioo cha kunyolea namba moja, kwasababu unamulikia nacho jua meli au ndege ikuone, wakati kifaa cha kupimia nyota ambacho wasomi wote wanakikimbilia kipo mwisho kabisa. Ila kwenye hiki kisa jibu sahihi halikuwa na kazi. Kazi ilikuwa mtu ajiangalie ameamuaje, na uamuzi wake unatofautianaje na ambao wengine wangefanya.

Kisha yakaja maswali. Maneno gani matatu yanakueleza wewe vizuri? Kitu gani cha kwako peke yako kinakuletea siku zako za furaha kubwa na za kufanya vizuri zaidi kazini? Kumbuka siku moja, iwe kazini au nyumbani, ulipofanya mambo vile ulivyozaliwa kuyafanya. Mtu anaandika kimya, halafu kila mmoja anasimama mbele ya wenzake ambao ndo kwanza wamekutana anawaeleza yeye ni nani akiwa kwenye ubora wake. Mwisho sweta na beji kama wale wengine, tofauti ni kwamba hizi zina jina la mwenye sweta.

Miezi sita ikapita. Kiwango cha watu kuondoka kwenye fungu la semina ya kawaida kilikuwa juu kwa asilimia 47.2 ukilinganisha na fungu la "wewe ni nani". Ukitaka kwa lugha ya kiti na meza, kama kwa hawa wa "wewe" wameondoka 100, basi kwa idadi ile ile ya wale wa kawaida wameondoka kama 147. Fungu la kuipenda kampuni lilikaa katikati, waliondoka wachache kuliko wa kawaida lakini bado asilimia 26.7 zaidi ya wale wa "wewe". Na wateja waliohudumiwa na fungu la "wewe" walikuwa wameridhika zaidi. Hawa wote wanakaa kwenye kolsenta za kampuni moja, wanapokea simu zile zile za usiku, mshahara ule ule.

Sasa hapa ndo watu wengi wanasimama, wanapiga makofi, wanaenda kununua masweta. Mi naona swali ndo linaanza, kwasababu saa moja ni kitu kidogo mno kubeba miezi sita. Hakuna mtu atakayeacha kuacha kazi mwezi wa tano kwasababu siku ya kwanza aliandika maneno matatu kwenye karatasi. Kuna kitu hiyo saa ilikianzisha na kitu hicho kikawa kinaendelea chenyewe kila siku.

Mwaka 1990 William Kahn aliandika utafiti ambao mpaka leo kila anayezungumzia moyo wa kazi lazima apite kwake. Alikaa na walezi wa kambi ya vijana ya likizo kule visiwa vya Karibi na pia kwenye ofisi moja ya wasanifu majengo, akawa anauliza kitu kimoja, ni lini mtu anajiweka mzima mzima kwenye kazi na ni lini anajitoa, anabaki mwili tu. Akapata mambo matatu. Mtu anajiuliza je hii kazi ina maana kwangu nikijitoa, je ni salama kujionyesha nilivyo bila kuchekwa au kuadhibiwa, na je nina nguvu na nafasi ya kufanya hivyo leo. Angalia tena ile saa ya Wipro kwa macho hayo. Kazi haikuongezewa maana, ni printa zile zile. Nguvu haikuongezwa, usiku ni ule ule. Kilichoongezwa ni hilo la katikati, usalama. Bosi mkubwa kasema mbele ya kila mtu kwamba ujilete wewe, na ushahidi ni kwamba umejileta mbele ya wenzako na hakuna aliyekucheka, wenzako nao wakakujua kwa kile unachokiweza kabla hawajakujua kwa makosa yako. Fikiria mgeni kwenye fungu la kawaida, watu wanamjua kwa lipi? Kwa simu ya kwanza aliyoiharibu.

Mwenye kipaji cha utani akishajua kwamba utani wake unaruhusiwa, siku ya tatu atautumia kidogo kwa mteja aliyekasirika, utafanya kazi, siku ya nne atautumia tena. Mwenye kupenda kuchimba mpaka apate chanzo cha tatizo atachimba. Kila akitumia kile anachokiweza simu inaisha vizuri, ikiisha vizuri anapata nguvu ya kupokea inayofuata. Waholanzi wa Chuo Kikuu cha Utrecht, Wilmar Schaufeli na wenzake, ndo wenye dodoso maarufu la kupima hii kitu, maswali 17, na lipo fupi la 9, wao wanapima nguvu, kujitoa na kuzama, na swali moja ni rahisi tu, nikiamka asubuhi najisikia kwenda kazini. Mtu aliyetumia kipaji chake jana kwenye simu kadhaa na ikamlipa, hilo swali analijibu tofauti na aliyesoma skripti siku nzima.

Kwamba uhusiano huu unaenda siku kwa siku kuna utafiti mwingine unaonyesha, huu ninaupenda kwasababu ya mazingira yake. Arnold Bakker na wenzake waliwafuatilia makadeti wa jeshi la wanamaji la Norway wakivuka Atlantiki kwa meli ya matanga, kila siku kwa siku 30 wanajaza kijitabu. Siku ambazo kadeti alitumia uwezo wake zaidi ndo siku alizokuwa na furaha na moyo wa kazi zaidi, mtu yule yule, meli ile ile, kesho akiutumia kidogo na moyo unashuka. Ila haikuwa sawa kwa wote, wachangamfu walifaidika zaidi, wenye wasiwasi mwingi wa asili walifaidika kidogo. Hilo la mwisho watu wa semina huwa wanaliruka, na kolsenta nzima haiwezi kuwa na wachangamfu watupu.

Lipo swali la yai na kuku pia. Mtu anaweza kusema hao wenye moyo ndo wanatumia vipaji vyao, sio vipaji vinavyoleta moyo, na kwa madodoso mengi ya mara moja hujui kipi kilianza. Wipro inasaidia hapo, kwasababu fungu la mtu halikuchaguliwa na mtu mwenyewe kulingana na alivyoamka. Watafiti wakaongeza jaribio la pili ndani ya maabara, watu wakafanyishwa kazi ya kuingiza data, kazi kavu kabisa, na waliopitishwa kwenye maswali ya "wewe ni nani" wakaonyesha moyo zaidi kwenye kazi hiyo hiyo kavu, wakaifanya vizuri zaidi na wakarudi zaidi siku waliyotakiwa kurudi. Kilichounganisha ilionekana ni ile hali ya mtu kujiona anaweza kuwa yeye pale alipo.

Lazima niliseme na hili kabla mdau hajalileta. Francesca Gino, mmoja wa hao watatu, aliingia kwenye kashfa kubwa ya data, kuanzia 2021 watu walianza kuonyesha kasoro kwenye tafiti zake, Harvard ikachunguza, na 2025 ikamfutia ajira yake ya kudumu, yeye anakana. Makala nne ndo zilizokuwa kwenye msukosuko huo na hii ya Wipro haikuwa mojawapo. Rekodi za nani ameondoka na nani amebaki zinatoka kwa mwajiri, na waandishi wenzake wawili hawana kesi. Mi msimamo wangu, jaribio la Wipro naliamini kwa mwelekeo wake, lile la maabara nalishika kwa vidole viwili, na kama mtu ananiletea asilimia 47.2 kwenye slaidi ili aniuzie kitu, namuuliza kwanza ya nani dhidi ya nani.

Tukirudi kwenye fungu la pili, lile la kuipenda kampuni, mi naona ndo lina somo kubwa zaidi kwa ofisi zetu na halizungumzwi. Lilipewa saa sawa, kiongozi sawa, sweta sawa. Walijaliwa kabisa. Kama kilichofanya kazi ingekuwa ni kujaliwa tu basi mafungu mawili yangelingana, na hayakulingana. Ukimwambia mtu kampuni yetu ni kubwa unampa kitu cha kujivunia nje, akiulizwa anafanya kazi wapi. Simu ya saa tisa usiku haimuulizi anafanya kazi wapi. Inamuuliza atamtulizaje huyu mzee anayefoka, na hapo ukubwa wa kampuni haumsaidii, kinachomsaidia ni kile alichonacho.

Nimekaa kolsenta moja ya hapa Dar kwahiyo najua kitu gani kinakuja baada ya siku ya kwanza. Kuna dada tulikuwa naye, alikuwa na kipaji cha kutuliza watu, mteja ametuma hela namba isiyo yake, ya ada ya mtoto, analia kwenye simu, yule dada anamwambia "pole mama angu, hebu vuta pumzi kwanza, nisomee hiyo meseji taratibu", dakika mbili mama ametulia anasoma namba ya muamala vizuri, ombi la kurudisha linaingia kwenye mfumo. Ijumaa wale wa ubora wanasikiliza rekodi, anakatwa maksi. Hakutumia salamu ya kampuni kama ilivyoandikwa, hakutaja jina la mteja mara zinazotakiwa, na "mama angu" sio lugha rasmi. Hakuna aliyekuwa mbaya pale, fomu ndo ilivyokuwa, haina kisanduku cha mteja ametulia.

Baadae supavaiza mmoja mwenye akili akaona, akamhamishia kwenye foleni ya malalamiko na huko skripti ililegezwa. Huyo dada akachanua kweli, anawahi, anafundisha wageni, anacheka. Ungempima kwa maswali ya Utrecht angepata juu. Kisha ikawa kila mteja aliyeshindikana anatupiwa yeye, kwasababu si anaweza. Wenzake wanapata simu za salio, yeye anapata matusi asubuhi mpaka jioni, mshahara ule ule, na lengo la idadi ya simu halikupunguzwa ingawa simu ya malalamiko inachukua muda mara mbili. Kabla mwaka haujaisha akawa anakaa chooni muda mrefu, mwisho akaacha kazi. Kipaji kiligeuka kuwa adhabu. Tafiti nyingi za eneo hili zinauliza kama mtu anatumia uwezo wake, mara ngapi, na kama mwajiri anamsaidia, wakati pale kwetu uwezo ulitumika kupita kiasi na mwajiri alisaidia sana tu utumike.

Wipro haikufika kwenye swali hilo, kipimo chao kiliishia miezi sita, na miezi sita yule dada wetu naye alikuwa bado kwenye kilele chake. Kwahiyo ninapoisoma ile namba yao naisoma hivi: walifungua mlango vizuri, na ndani ya chumba kulikuwa na nafasi ya kutosha ya mtu kutumia alichonacho angalau kwa nusu mwaka. Nusu ya pili ya hiyo sentensi haikutengenezwa na semina, ilikuwepo tayari au supavaiza aliiacha iwepo. Ofisi ambayo nafasi hiyo haipo, ukileta ile saa moja unaongeza machungu, maana umemuuliza mtu kwa kinywa chako mwenyewe siku zake bora zikoje, kaandika, kasimama kasema, halafu Ijumaa unamkata maksi kwa kufanya hicho hicho. Bora usingemuuliza.

Ndo maana nikiona kampuni imenunua vipimo vya vipaji vya mtandaoni, kila mtu kapata orodha yake ya mambo matano, ikabandikwa mezani, kwisha, huwa najua hakuna kitakachobadilika. Kujua kipaji chako sio kukitumia. Ile karatasi inakuambia una huruma, sasa huruma yako inaingia wapi kwenye simu ya dakika nne yenye salamu ya lazima? Kama hakuna mtu anayejibu hilo basi umepewa jina zuri tu la kitu usichoruhusiwa kukifanya.

Kwa mtu mwenye timu ya huduma kwa wateja anayetaka kuiga hiki kisa, mi ningeanza nyuma kwenda mbele. Kwanza ile fomu ya kukagua simu, ikatwe, yabaki yale ya sheria na usalama, kuthibitisha mteja, kutotaja namba ya siri, kutoa taarifa sahihi, hayo hayana mjadala. Yale ya mtindo, salamu ipi, neno lipi, yaachwe kwa mhudumu na nafasi yake ichukuliwe na kisanduku cha kama tatizo limeisha. Halafu supavaiza awajue watu wake kwa kile wanachokiweza, na ajue kabla ya malalamiko ya kwanza. Hapo sasa ile saa moja ya siku ya kwanza iletwe, na ikiwezekana irudiwe mwezi wa tatu, maana mgeni siku ya kwanza anajibu kwa kubahatisha, mwezi wa tatu anakuambia kwa mifano ya simu alizopokea. Sweta kwa joto la Dar hapana.

Na wale wanaoonekana wana kipaji cha kubeba wateja wagumu wawekewe ukomo kwenye ratiba. Zamu mbili foleni ya malalamiko, ya tatu anarudi foleni ya kawaida apokee simu za salio kama wengine, lengo la idadi ya simu lihesabiwe tofauti akiwa kwenye malalamiko, na kama kazi hiyo inahitaji mtu maalum basi iwe na posho inayoonekana kwenye slipu ya mshahara.